Mkono wa Kinyozi

Nyapara hapiti mlangoni kwa mtu kwa wema. Hilo lilijulikana kambini hata kwa mtoto anayetambaa. Kwa hiyo Ijumaa ile alasiri, Peni Mbili alipoyapita mabomba mawili ya maji, akaipita zahanati, akaingia safu ya tatu na kusimama mbele ya chumba namba kumi na saba, majirani walianza kufagia vibaraza vilivyokwisha kufagiwa asubuhi. Wengine hawakuona haja ya kisingizio, walisimama tu wakatazama.

Kambi yenyewe ilikuwa safu sita za vyumba vya matofali, na miti ya mpira ilianza pale safu zilipoishia, pande zote nne, mistari kwa mistari mpaka macho yachoke. Chumba hakikuwa cha mtu. Kilikuwa cha namba ya kazi, na namba ilikuwa ya mwanamume mwenye kisu cha kugemea. Akifa, akiugua au akifukuzwa, namba hurudi ofisini na chumba huifuata. Watu waliozaliwa humo na kuzalia humo walikatazwa kupanda hata mpapai, kwa sababu mpapai humfanya mtu ajione mwenyeji. Mchicha ruhusa, kunde ruhusa, mradi kisizidi msimu mmoja.

"Hodi humu," alisema Peni Mbili. Aliitwa hivyo kwa peni zake mbili za mfukoni: nyeusi ya kuandikia waliofika kazini, nyekundu ya kuandikia wenye makosa.

Mke wa Kinyozi aliacha maharage aliyokuwa akichambua, akasimama. Kinyozi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Aligeukia sauti, akanyoosha mkono, nao ukaenda pembeni kidogo ya pale alipokuwa mgeni. Peni Mbili akausogelea akaushika, akacheka.

"Umeshaanza kuonja, Kinyozi? Saa kumi hii?"

"Nimechoka tu, bosi. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja na habari njema." Alisema kwa sauti ya kutosha safu nzima. "Kesho saa tatu meneja anakuja kwenye miti yako. Wagema wote watakuwepo. Utawaonyesha jinsi ya kukata. Nimemwambia huyu mtu alikuwa ananiharibia miti, nikamwandika mara mbili kwa nyekundu, nikamnyoosha, na leo hakuna wa kumfikia. Meneja amefurahi sana. Usiniangushe."

"Sawa, bosi."

"Hongera, shemeji," Peni Mbili alimwambia mke, akaenda zake. Majirani waliacha kufagia. Wawili watatu walipiga kelele za pongezi kutoka walipokuwa. Mke wa Kinyozi akafunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo kambini halifanyiki isipokuwa kuna maiti au kuna ugomvi.

Ukweli ulikuwa huu. Macho ya Kinyozi yalikuwa yamekufa tangu mwezi wa nne. Yalianza pembeni, yakala kuelekea katikati, na nesi wa zahanati aliyamulika kwa tochi, akasema kwa upole kwamba jicho lililokwenda kwa namna hiyo halina kurudi. Walimwomba asiliandike daftarini, naye akawaonea huruma. Kwa wiki kadhaa Kinyozi aliendelea kukata kwa kupapasa, mtu aliyepewa jina hilo kwa sababu mkono wake ulilinyoa gome badala ya kulikata. Aliijeruhi miti vibaya. Alipoandikwa kwa nyekundu mara ya pili, mkewe alikichukua kisu mkononi mwake asubuhi moja kabla ya mapambazuko, bila kuomba ruhusa, akaanza kukata yeye.

Wake waliruhusiwa kusaidia kukusanya utomvu kwenye ndoo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuwaona wakiondoka pamoja alfajiri. Kisu kilikuwa marufuku kwa mwanamke. Na kumpa kisu mtu mwingine yeyote, awe mke au ndugu, adhabu yake ilikuwa kufukuzwa siku hiyo hiyo. Walichokuwa wakitafuta kilikuwa kidogo. Binti yao alikuwa darasa la mwisho katika shule ya kambi, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki sita. Wiki sita za chumba, basi. Baada ya hapo liwalo na liwe.

"Nilikwambia ukate kama mtu," Kinyozi alisema mlango ulipofungwa. "Jeruhi hata miti kumi kwa wiki. Nani hajeruhi? Wewe unakata kama umetumwa na malaika."

"Ningejua kukosea ningekosea."

"Ona sasa."

"Naona. Mimi ndiye ninayeona humu ndani."

Lilimtoka kabla hajalipima, na likakaa pale katikati yao. Binti alikuwa mezani na kitabu chake. Aligeuza ukurasa ambao hakuwa amemaliza kuusoma.

"Mti wa kwanza," mke alisema baadaye, kwa sauti nyingine. "Ule wa njiani. Nimeukata vizuri, mchirizi wake ni kama reli. Weka ncha ya kisu juu kushoto, kiache kifuate. Usikisukume. Kitakwenda chenyewe."

"Akitaka mti mwingine?"

"Yote ni hivyo hivyo."

*

Jumamosi saa tatu wagema thelathini na kitu walikuwa wamesimama nusu duara. Ng'ambo ya mtaro unaotenga kambi na shamba walikuwepo wanawake wa palizi, vibarua wa kutwa, na mke wa Kinyozi miongoni mwao na jembe lake. Wagema walikuwa wanataniana. Mmoja alikumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mwingine akadakia kwamba kinyozi hajinyoi, na Kinyozi alicheka na wote huku mkono wake ukiwa juu ya mti, ili ajue mti uko wapi.

Meneja alikuja na Peni Mbili nyuma yake. Alikuwa mtu mnene wa maneno machache, aliyezeekea kwenye mpira. Hakutaka kuona kisu kwanza. Alivaa miwani, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa gome, akaanza kusoma kutoka juu. Gome la mpira halisahau. Mgema hukata kwa kushuka, kila siku uzi mmoja chini ya ule wa jana, na anayejua kulisoma huona miaka ya mtu imepangwa mbele yake.

Alishuka polepole na kidole chake. Aliuacha mti ule, akaenda wa pili, akaenda wa tano. Aliporudi alivua miwani.

"Hapa juu ni wewe," alimwambia Kinyozi. "Mkono mzuri, naujua. Hapa katikati ni mlevi au mgonjwa, ona vinundu hivi, kisu kimefika kwenye mbao. Hapa chini ni nani?"

"Ni mimi, bosi."

"Hapana. Huyu wa chini ni bora kuliko wewe wa juu. Hata enzi zako hukuwahi kukata hivi. Mti huu umekatwa na mikono miwili. Wa kwako ni upi na wa nani ni huu mwingine?"

Peni Mbili alikuwa ameacha kutabasamu. Ng'ambo ya mtaro mke wa Kinyozi aliuona mkono wa mumewe ukilipapasa gome, ukipanda na kushuka, kama anatafuta jibu humo. Alijua hesabu anayoipiga kwa sababu walishaipiga pamoja mara nyingi. Akikiri ugonjwa, kampuni hutoa siku thelathini za kuhama, na thelathini hazifiki mtihani. Akikiri kwamba alitoa kisu, ni leo.

"Ya juu ni yangu na ya chini ni yangu," Kinyozi alisema. "Hapo katikati nilishikwa na homa, bosi. Nilikuwa kitandani sijitambui. Mke wangu akachukua kisu bila kuniambia, akidhani ananisaidia. Ndiye aliyeharibu. Nilipopona nikatia bidii kurekebisha, ndiyo maana ya chini imekuwa hivyo."

Alilisema bila kigugumizi. Alilisema hata kwa kinyongo kidogo, kama mume aliyetiwa hasara. Wagema wakageuka kuangalia ng'ambo, na wanawake wa palizi wakajisogeza kando ili anayetazamwa aonekane vizuri.

"Ni kweli hayo, mama?" meneja aliuliza.

Mke wa Kinyozi alikuwa na muda wa kupumua mara moja.

"Ni kweli, bosi. Mimi ndiye niliyejeruhi."

"Nani alikwambia mwanamke anaweza kukata mpira?"

"Hakuna, bosi. Ni ujinga wangu."

Watu walicheka. Peni Mbili alicheka kuliko wote, maana alikuwa amenusurika. Meneja hakucheka, lakini uso wake ulilegea, kwa sababu alikuwa amepata jibu alilolitegemea. Alisema mama huyo asikanyage tena upande huu wa mtaro, kwa ndoo wala kwa jembe, na jina lake litolewe kwenye palizi. Kisha akamgeukia Kinyozi. "Haya. Tuonyeshe."

Kinyozi aliweka ncha ya kisu juu kushoto. Alikiacha kifuate. Mchirizi ambao mkewe alikuwa ameuchonga kwa miezi ulikishika kisu na kukiongoza, na uzi wa gome ukajikunja na kuanguka, mwembamba, mzima, bila kukatika. Utomvu mweupe ulijitokeza kwenye mkato wote, ukateremka, ukaingia kikombeni. Wagema wakapiga makofi. Kinyozi akainua kichwa na kutabasamu kuelekea kwenye makofi hayo, na mkewe akamwona akitabasamu.

"Mtu kama huyu hamumweki kwenye miti mizee," meneja alimwambia Peni Mbili. "Lile eneo jipya, miti imefikia umri. Jumatatu ndiye atakayeifungua."

*

Mpalizi mmoja aliyekaa safu ya nne waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuna habari iliyolala kwake, ndiye aliyekuwa wa kwanza bombani jioni ile. "Kumbe mwenzetu ndiye aliyekuwa anachinja miti ya watu," alisema. "Na sisi tunamwona mpole." Wenzake walicheka, ingawa mmoja aliinama kucheka ili asionekane. Mke wa Kinyozi alijaza ndoo yake, akaiinua, akaenda. Maji yalimmwagikia begani kwa jinsi alivyokwenda haraka.

Nyumbani aliweka ndoo chini, akakaa juu ya kigoda, akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Hiyo ilikuwa faida yake moja, kwamba angeweza kumtazama atakavyo bila yeye kujua.

"Ulilisema haraka sana," alisema mwishowe.

"Thelathini hazifiki mtihani."

"Najua kuhesabu."

"Sasa hasira ya nini? Chumba tunacho. Ningesema nini kingine?"

"Hakuna kingine. Hata mimi ningesema hivyo hivyo." Alijifuta bega kwa ncha ya kanga. "Lakini walipokupigia makofi ulifurahi."

Nje watoto walikuwa wakikimbizana na tairi.

"Nilifurahi," Kinyozi alikiri. "Nilisahau kidogo. Nilidhani ni mimi."

Hapo hasira ya mkewe ilimwishia nusu, na nusu iliyobaki hakujua aifanyie nini. Alimwonea huruma na alimchukia kwa wakati mmoja, akaona vyote viwili vinawezekana, akainuka kupika.

Taabu yenyewe, ile kubwa, walikuwa wanaizunguka kama watu wanaozunguka nyoka. Kufungua mti mpya ni kazi ya jicho. Mti haujawahi kukatwa, gome ni laini pande zote, hakuna mchirizi wa kufuata. Mgema hupima urefu kwa kijiti, huweka bati lililokunjwa pembe kulizunguka shina, huchora mstari kwa chaki, kisha hukata kwa mara ya kwanza. Gome la mti mchanga ni jembamba. Ukikata juu juu hautoi kitu, ukizidisha kidogo umeingia kwenye mbao na umeuharibu kwa miaka saba.

"Mwambie Peni Mbili hutaki," mke alisema.

"Nimkatalie meneja cheo? Ataniuliza kwa nini."

"Basi jifunze."

Jumapili yote walijifunza. Binti alishikilia gogo la kuni kati ya magoti yake, akilizungusha anavyoambiwa, na mama yake akampa baba msumari badala ya chaki, ili mstari auguse kwa kidole asipouona. Kijiti alikiweza. Bati aliliweza. Kufika mchana alikuwa anachora mstari ulionyooka kuliko wa mwenye macho, wakacheka wote watatu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Sasa kina," Kinyozi alisema. "Nitajuaje nimefika?"

"Mimi huangalia rangi. Kwanza kahawia, halafu inakuja kama waridi, halafu njano hafifu. Ukiiona njano, rudi."

"Na asiyeona njano?"

Binti ndiye aliyesema, bila kuinua macho kwenye gogo, "Baba, kisu kikifika ndani sauti haibadiliki?"

Kinyozi alifikiri. Sauti hubadilika, alisema. Gome linanong'ona na mbao inakwaruza. Lakini ukisikia mkwaruzo umeshachelewa.

"Basi sikiliza kabla," binti alisema, na baba yake akamwahidi kwamba atasikiliza.

*

Jumatatu alfajiri mkewe alimsindikiza hadi kwenye mtaro. Akamwelekeza: hatua nane mbele, mti wa kwanza, na mistari yote imenyooka. Alisimama pale ng'ambo na ndoo tupu mkononi, ili aonekane ana shughuli. Alitegemea kwamba Peni Mbili angekuja saa nne kama kawaida yake, mumewe ajaribu kwanza bila kutazamwa. Lakini eneo jipya lilikuwa fahari ya nyapara sasa. Kulipopambazuka tu alifika na kiti chake cha kukunja, akakaa, akavuta sigara, akatazama.

Kinyozi aliukumbatia mti wa kwanza kwa bati, akachora kwa msumari. "Chaki umeisahau?" Peni Mbili aliuliza. "Msumari haufutiki na mvua, bosi," Kinyozi alijibu, na jibu likapita. Alikata. Aliogopa kuzidisha, akakata juu juu, na mti ukabaki umekauka. Akarudia, ukatoa matone matatu, ukakoma.

"Mbona hautoi?"

"Baridi, bosi. Utatoa."

Mti wa pili alibonyeza zaidi. Mkewe alisikia ule mkwaruzo kutoka alipokuwa, au alidhani amesikia. Peni Mbili aliinuka, akaenda kuangalia, akagusa jeraha kwa kidole.

"Kinyozi, umeingia kwenye mbao." Sauti yake haikuwa na ukali bado, ilikuwa na mshangao. "Mti mpya huu. Nikwambie nini mimi kwa meneja? Nimesimama mbele ya watu nikakusifu." Akatoa peni nyekundu. "Hili kosa la kwanza kwenye miti mipya. Nikiandika la tatu, unajua."

Kinyozi alikwenda mti wa tatu. Alipima, akachora, akaweka ncha ya kisu. Kisha hakufanya kitu. Alisimama hivyo na kisu kikiwa kimegusa gome, mgongo umeinama, mtu wa miaka hamsini kasoro, na mkewe akaona mabega yake yanapanda na kushuka. Wanawake wa palizi walikuwa wamefika kwenye mistari ya jirani. Majembe yakaanza kunyamaza moja moja.

"Mama," Kinyozi aliita.

Mkewe alimtazama Peni Mbili kwanza.

"Mama, uko hapo? Niambie rangi."

"Siioni kutoka huku," alijibu.

"Basi njoo."

"Asivuke," Peni Mbili alisema. "Shemeji, ukivuka mtaro huo hamna chumba. Mnasikia? Kinyozi, una wazimu gani wewe?"

"Macho yangu hayaoni, nyapara." Alisema kwa sauti ile ile ya Jumamosi, ya kusikika na wote, akageuka kuelekea kwenye majembe yaliyonyamaza. "Yamekufa tangu mwezi wa nne. Vile vidonda ni vyangu. Miti yote uliyosifiwa nayo kwa meneja ameikata huyu. Nilimsingizia mbele za watu, na mbele za watu nasema."

Peni Mbili alibaki na peni hewani. Mke wa Kinyozi alisimama na ndoo yake. Neno lilikuwa limeshasemwa, chumba kilikuwa kimeshakwenda, na kuvuka au kutovuka hakungerudisha hata siku moja ya zile wiki sita. Alijua hivyo. Aliweka ndoo chini, akashuka mtaroni, akapanda ng'ambo ya pili, na udongo mwekundu ukamshika miguuni.

"Nipe kisu," alimwambia mumewe, "na wewe simama kando."

Alikata. Kahawia, waridi, njano hafifu, akarudi. Alikwenda hivyo kutoka kushoto hadi kulia bila kuinua mkono, na mti ule mchanga ukatoa utomvu wake wa kwanza kwenye mkato wote, mweupe na mzito, ukateremka taratibu hadi kikombeni. Kwa miezi yote ile alikuwa amekata gizani kwa jina la mtu mwingine. Huu alikata jua likiwa limetoka na watu wakiangalia, naye aliona fahari, na alijua kwamba fahari hiyo ndiyo malipo yote atakayopata.

Peni Mbili alisubiri kikombe kifike nusu. Kisha akaandika.

*

Walipewa mpaka saa nane. Mtunza stoo alikuja na orodha yake akakagua vilivyo vya kampuni: kufuli, balbu, kitanda cha chuma, kisu. Balbu ilikuwa imeungua tangu mwaka uliopita, akawaambia wangetakiwa kuilipia lakini atafumba jicho. "Samahani," akaongeza, akimtazama Kinyozi, kwa jinsi neno lilivyomtoka. Kinyozi akamwambia haina neno.

Walipokuwa wakifunga mizigo Redio aliingia bila hodi. Alisimama akikodolea ukuta.

"Binti abaki kwangu," alisema. "Hadi amalize mtihani. Kwangu tunalala saba, wa nane hatajulikana. Akiulizwa ni mtoto wa dada yangu."

"Na Peni Mbili?"

"Peni Mbili anahesabu miti, hahesabu watoto. Mwalimu mkuu nimeshaongea naye, kasema yeye anaangalia nani yuko kwenye dawati, vyumba havimhusu. Ila msiagane naye hadharani. Watu wataona." Akameza mate. "Lile la bombani, mwenzangu, usiliweke moyoni."

"Nimeliweka," alisema mke wa Kinyozi. "Lakini mtoto nakuachia. Asante."

Binti alirudi kutoka shule kwa chakula cha mchana akakuta chumba kimekuwa kuta. Alielezwa kwa maneno machache, kwa haraka, mlango ukiwa umefungwa. Hakulia. Aliuliza wanakwenda wapi, na baba yake akasema kwa mjomba, na mama yake akasema ndiyo, kwa mjomba, ingawa mjomba mwenyewe hakuwa ameulizwa. Ikambidi arudi darasani kabla ya kengele, apite safu ya nne kuacha nguo zake, na asigeuke nyuma.

Saa nane waliondoka. Mke alibeba mzigo mkubwa kichwani na mdogo mkononi. Kinyozi alibeba godoro lililokunjwa na kumshika mkewe bega. Barabara ya kutoka kambini ilipita kando ya shule, hatua chache tu kutoka kwenye madirisha yasiyo na vioo, na sauti za watoto wakikariri zilikuwa zinasikika.

"Tuko shuleni," Kinyozi alisema.

"Ndiyo."

"Unamwona?"

Binti alikuwa amesimama dirishani, mikono yote miwili imeshika nondo, uso umelowa mpaka shingoni, na mwalimu alikuwa anamvuta bega taratibu arudi akakae naye hataki.

"Namwona," mama yake alisema, akiendelea kutembea. "Anaandika. Hata kichwa hajainua."